Mwongozo wa Bwana Haraka Kuhusu Theluji ya Kwanza

Bwana Haraka yupo katika kila mji uliojengwa chini ya milima ya theluji, lakini leo tumkute Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Oktoba ikifika, mvua ya bondeni ikawa theluji huko juu kwenye milima ya Wasatch, yeye amekwisha kupaka nta skii zake, amekwisha kumwambia bosi kwamba anahisi mafua yanamnyemelea, na amekwisha kuweka picha mtandaoni yenye maneno mawili: "Msimu umeanza." Anachotaka ni alama zake ziwe za kwanza mlimani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Bwana Haraka ana miguu miwili tu.

Mwongozo huu ni wake. Namtania kwa sababu nampenda na nataka aione Machi akiwa mzima. Utani umo, lakini kila hatua ni ya kufuatwa kama ilivyoandikwa. Ni mwongozo pia wa vijana wa familia zetu zinazoishi Salt Lake City na Denver, watoto wanaosikia Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni, ambao wenzao wa darasani wamekulia juu ya skii na siku yoyote watawaalika mlimani.

Jambo la kushika ni hili: mwanzoni mwa msimu, mteremko wenye theluji ya kutosha kuteleza ndio huo huo wenye theluji iliyooza. Ukilielewa hilo, hatua zote zinazofuata utaziona zina mantiki.

Hatua ya 1: Kaa chini, tazama juu

Kazi ya kwanza ya mwanaskii mwezi Oktoba haihitaji skii. Inahitaji darubini, daftari na simu yenye kamera. Theluji ya kwanza ikianguka, andika tarehe na kina chake. Kisha ngoja. Jua likishawaka siku tano au sita, toka tena, simama mahali pale pale, upige picha milima yote.

Utaona jambo ambalo Bwana Haraka halioni kwa sababu yuko gereji akinoa kingo za skii. Miteremko inayotazama kusini imerudi kuwa ya kahawia, nyasi na mawe vimejitokeza. Inayotazama kaskazini, hasa ile ya juu ya mita 2,700 hivi, bado ni myeupe. Anayetoka Afrika Mashariki anaweza kushangaa, maana Kilimanjaro jua hupita karibu na utosi na kuugusa kila upande wa mlima. Salt Lake City iko karibu na latitudo 41 kaskazini mwa Ikweta. Katikati ya Novemba jua la adhuhuri hupanda digrii 31 hivi tu juu ya upeo wa macho, upande wa kusini. Mteremko wa kaskazini wenye mwinuko wa digrii 35 haulioni kabisa.

Zihifadhi picha hizo vizuri. Desemba ikija, milima yote itakuwa myeupe na hakuna jicho litakaloweza kutofautisha mteremko uliobeba theluji ya Oktoba na ule uliokuwa mtupu. Picha yako itatofautisha. Kila baka jeupe la mapema Novemba ni mahali ambapo theluji kubwa ya baadaye italala juu ya msingi mbovu.

Hatua ya 2: Jua kwa nini inaoza

Bwana Haraka anaamini kwamba theluji ikikaa muda mrefu hushikamana na kuwa imara. Ikiwa nene, mara nyingi hushikamana. Ikiwa nyembamba, huenda kinyume, na sababu yake ni hesabu ya darasa la sita.

Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzi sifuri, kwa sababu bado ina joto la kiangazi. Juu, usiku mrefu usio na mawingu huipoza theluji mpaka nyuzi 12 chini ya sifuri, au zaidi. Kama theluji ina kina cha sentimita 30, tofauti hiyo ya nyuzi 12 imebanwa ndani ya sentimita 30, yaani nyuzi 4 kwa kila sentimita 10. Wataalamu wa theluji huhesabu kwamba ikizidi nyuzi 1 hivi kwa kila sentimita 10, mvuke huanza kupanda kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, ukila punje za chini na kujenga upya punje kubwa zenye kona, zisizoshikana. Theluji ya mita 2 yenye tofauti hiyo hiyo ina nyuzi 0.6 tu kwa kila sentimita 10, na inabaki salama zaidi.

Ndiyo maana wiki mbili za anga safi na baridi kali baada ya theluji ya kwanza, wiki ambazo Bwana Haraka huzisifu kwa picha nzuri, ndizo zinazoharibu msimu. Wenyeji huiita theluji hiyo ya sukari, na jina limepatia. Chota konzi moja kutoka chini kabisa, karibu na nyasi, ukaze ngumi. Theluji nzuri hutoka ikiwa donge. Hii huchuruzika kati ya vidole, kavu, na usipokuwa makini hubaki na kitu mkononi. Zimwage punje chache juu ya kadi nyeusi uzitazame kwa lenzi: utaona pande bapa zinazong'aa, na zilizokomaa zina mistari na umbo la kikombe, milimita kadhaa kila moja.

Sasa fikiria theluji ya sentimita 60 iliyoletwa na dhoruba moja na kugandamizwa na upepo ikawa bamba, ikilala juu ya punje hizo. Bamba linahitaji kusukumwa kidogo tu. Mtu mmoja anatosha.

Hatua ya 3: Viamshe vifaa vyako

Vifaa vitatu havibaki nyumbani: kifaa cha mawimbi ya kutafutana, fito ndefu ya kuchomea theluji, na koleo la chuma. Vyote vitatu, kwa kila mtu. Mwenye kifaa cha mawimbi asiye na koleo anaweza kujua rafiki yake amefukiwa wapi, na asimfikie.

Fungua kifuniko cha betri. Bwana Haraka aliziacha humo tangu Aprili, na sasa zimevuja utomvu mweupe uliokula waya. Weka mpya, za aina inayotajwa na mtengenezaji. Vifaa vyote vya kisasa vya aina hii vinatumia mawimbi ya kilohezi 457, hivyo chako kitasikilizana na cha mwenzako hata kama viwanda ni tofauti. Adui yake ni simu yako: iweke mbali angalau sentimita 20 unapotembea, na sentimita 50 unapotafuta mtu.

Kisha fanya mazoezi kabla theluji haijatosha kumfukia paka. Mpe rafiki kifaa kimoja akifunge ndani ya mfuko, akifiche chini ya majani makavu kwenye bustani ya jirani, kwa ruhusa ya jirani. Washa saa. Aliyefukiwa na theluji ana nafasi nzuri akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo. Baada ya dakika 15 nafasi hiyo huporomoka haraka. Hakuna helikopta itakayofika kwa muda huo. Watakaomwokoa ni wale aliotoka nao nyumbani, na kama mazoezi yenu ya kwanza ni siku ya msiba, mmechelewa. Rudieni mpaka kila mmoja aweze bila kupiga kelele.

Na vaa kofia ngumu. Mwezi Novemba mawe, visiki na magogo yako sentimita 20 chini yako.

Hatua ya 4: Usidanganywe na lifti zisizotembea

Alta na Snowbird, kwenye korongo la Little Cottonwood, ni maeneo maarufu ya kuteleza. Alta hupata kwa kawaida zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu. Maeneo hayo yakiwa wazi, walinzi hulipua baruti alfajiri kuangusha theluji mbaya kabla wateja hawajafika. Kabla ya siku ya kufungua, kazi hiyo mara nyingi haijaanza. Bwana Haraka anaona nguzo za lifti, vibao na mgahawa, na moyo wake unatulia. Nguzo za lifti hazishikilii theluji.

Tarehe 13 Novemba 2011, Jamie Pierre, mwanaskii wa kulipwa aliyejulikana duniani kwa kuruka mwamba wa zaidi ya mita 75 mwaka 2006, alifariki kwenye poromoko huko Snowbird, kabla eneo halijafunguliwa. Theluji ilimkokota juu ya miamba. Msimu ulikuwa mchanga, theluji ilikuwa chache, na yeye alikuwa miongoni mwa wenye ujuzi mkubwa zaidi katika kazi yake. Poromoko la mwanzo wa msimu si lazima likufukie ili likuue. Hata dogo linaweza kukuburuza juu ya kila kitu kigumu kilichoko chini.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: eneo lililofungwa lihesabu kuwa mlima wa porini, na uliingie kwa tahadhari zote za porini, kama wenye eneo wanaruhusu kuingia.

Hatua ya 5: Soma taarifa, halafu sikiliza

Utah Avalanche Center hutoa utabiri wa hatari kwa ngazi tano: ndogo, ya wastani, kubwa kiasi, kubwa, na ya kupita kiasi. Bwana Haraka husoma rangi tu, akiona si nyekundu huondoka. Wewe soma maneno. Taarifa inakueleza hatari iko miteremko ya upande gani, urefu gani, na ni ya aina gani. Ikikutajia tabaka dhaifu linalodumu upande wa kaskazini, ndiyo sukari ya hatua ya 2 hiyo, na haitaondoka kesho. Ngazi ya tatu, kubwa kiasi, ina sifa mbaya ya kuonekana ya katikati. Katika ngazi hiyo watu wengi wamekufa.

Ukiwa mlimani, dalili ya mvua ni mawingu, na mlima huu una dalili tano. Moja, poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na wako. Mbili, mlio mzito wa "wumf" chini ya miguu, theluji ikishuka ghafla kidogo: hilo ni tabaka dhaifu likibomoka, na ukilisikia umekwisha kupewa jibu. Tatu, nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha za skii zako. Nne, theluji nyingi mpya, hasa sentimita 30 ndani ya siku moja, au upepo unaoihamishia upande mmoja. Upepo unaweza kurundika theluji haraka kuliko anga. Tano, joto kupanda ghafla.

Dalili moja inatosha kubadili mpango. Bwana Haraka, akisikia wumf, hucheka na kusema mlima umepiga mwayo. Mwambie ageuke.

Hatua ya 6: Chimba mpaka uone nyasi

Chagua mahali padogo, pasipo na mteremko hatari juu yake, panapotazama upande ule ule na palipo katika urefu ule ule kama unakotaka kwenda. Chimba mpaka ardhini. Mwezi Novemba si mbali. Laini ukuta wa shimo kwa koleo, kisha pitisha kidole kutoka juu hadi chini. Kidole kitakueleza: kinazuiwa, kinazuiwa, halafu ghafla kinazama. Hapo paliposhindwa kukizuia ndipo utakapoangalia kwa lenzi.

Sasa jaribio lenyewe. Kata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 ukutani na kina cha sentimita 30 kwenda nyuma, ikiwa imetengwa pande zote. Weka koleo upande mmoja wa juu. Gonga mara 10 kwa kiganja ukitumia kifundo cha mkono, mara 10 ukitumia kiwiko, mara 10 ukitumia bega. Kama ufa unatokea na kukimbia kutoka upande uliougonga mpaka mwisho wa nguzo, theluji hii inaweza kuvunjika na kusambaa. Rudi nyuma.

Kama haukukimbia, usisherehekee. Theluji hubadilika hatua chache tu kutoka shimo lako, na chini ya jiwe lililofichika inaweza kuwa nyembamba na mbovu zaidi. Shimo lina haki ya kukukataza. Halina haki ya kukupa ruhusa. Bwana Haraka huchimba mashimo matatu, mawili yakakataa, akalisifu la tatu kwa uungwana wake.

Hatua ya 7: Pima mwinuko, usiukadirie

Maporomoko mengi ya mabamba huanza kwenye miteremko ya kati ya digrii 30 na 45. Chini ya digrii 30, na pasipokuwa na mteremko mkali juu yako, theluji iliyooza haina jinsi ya kukufuata. Kipimo cha mwinuko kimo katika simu yako na katika dira nyingi za bei nafuu. Kilaze juu ya fimbo uliyoilaza kwenye theluji, usome. Jicho la mwenye hamu husoma 28 pale penye 34.

Tabaka dhaifu la mwanzo wa msimu linaweza kukaa wiki nyingi, na hakuna shimo wala uzoefu unaoweza kulibashiri kwa uhakika kila mita ya mteremko. Mwinuko unaweza kupimwa. Ndiyo maana watu waliodumu katika mchezo huu hutumia Novemba na Desemba kwenye miteremko ya digrii 25 hadi 28, wakicheka kama wengine. Ni raha tosha. Magoti ya Bwana Haraka hayajafanya kazi tangu Aprili; yatamshukuru.

Hatua ya 8: Chunga wenzako, na ulimi wako

Mtafiti Ian McCammon alichunguza ajali nyingi za maporomoko Marekani, akaona kwamba wengi wa waliopatwa walikuwa na dalili za wazi mbele yao. Walinaswa na njia za mkato za akili: mteremko waliouzoea, hamu ya kukubalika na kundi, lengo walilokwisha kulitangaza, kumwachia mjuzi aamue, na alama za skii za wengine zilizowafanya waamini pako salama.

Bwana Haraka ana zote. Dawa yake ni utaratibu. Kabla hamjatoka garini, kubalianeni kwamba yeyote akisema "sitaki", wote mnarudi, na hakuna atakayeulizwa sababu mara mbili. Dada mdogo aliyejifunza mwaka jana ana kura sawa na kaka mkubwa mwenye skii za bei mbaya. Mteremko ukitia shaka, piteni mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Na usitangaze lengo mtandaoni jana usiku, maana ulimi ukishalitaja mguu hujiona una deni.

Hatua ya 9: Toa taarifa kabla ya kuoga

Tarehe 6 Februari 2021, kwenye mteremko uitwao Wilson Glade, korongo la Millcreek, si mbali na jiji, poromoko moja liliwakumba watu wanane wa makundi mawili tofauti. Sita walifukiwa. Wanne walifariki. Tabaka lililovunjika lilikuwa la punje hizo zisizoshikana, mabaki ya theluji chache ya mwanzo wa msimu. Katika msimu huo watu 37 walikufa kwa maporomoko kote Marekani. Theluji iliyowaponza watu hao wa Februari ilianguka na kuharibika wakati wengine wetu tulikuwa bado tunatafuta soksi.

Watabiri hawawezi kufika kila bonde. Utah Avalanche Center hupokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote, na mwanzoni mwa msimu, kabla utabiri wa kila siku haujaanza, macho ya watu wa kawaida yana thamani kubwa. Usiogope kwamba huna vyeo. Andika ulichokiona: tarehe, mahali, mteremko unatazama wapi, urefu kutoka usawa wa bahari, kina cha theluji, na dalili. Mfano wa taarifa nzuri ni huu: "Kaskazini-mashariki, mita 3,000. Kina sentimita 50. Sentimita 20 za chini ni sukari mpaka kwenye nyasi. Wumf mara mbili. Nyufa za mita 5. Kusini pakavu." Imekwisha. Mtabiri atakayeisoma saa kumi alfajiri ameshapata zaidi ya alichokuwa nacho.

Ongeza picha zako za Oktoba. Ongeza pia mteremko ulioukataa na sababu ya kuukataa, kwa sababu wanaokwenda huandika sana na wanaorudi huandika kidogo, na kila mwenye hamu anahitaji kusoma kwamba kuna mtu mwenye akili timamu, mwenye skii zilizopakwa nta, aliyefika pale, akatazama, akageuka. Bwana Haraka, sasa chukua simu. Waandikie watabiri kwanza. Bosi utampigia kesho asubuhi, umwambie mafua yamepona.